Aliyekula Senene Atoe Kitenge

Jumanne asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nakata majani makavu ya migomba, kazi ninayoipenda kwa sababu migomba haijibu, simu ikaita mfukoni. Aliyepiga alikuwa mdogo wake yule fundi cherehani wetu, mpangaji wa chumba cha uani, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Baba, dada ametutoka alfajiri." Wasomaji wa safu hii mnanijua, ulimi wangu hutangulia akili. Nikamjibu, "Haiwezekani, binti. Dada yako hajawahi kuwahi mahali popote." Halafu yule mtoto, Mungu ambariki, akacheka huku analia, akasema, "Mama naye kasema hivyo hivyo." Nikakaa palepale chini, kwenye majani yenye umande, nikalia bila aibu. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Homa ya siku nne, wodi, dripu, basi. Binti aliyechelewa kila kitu maishani mwake alikuwa ameniwahi mimi ninayekaribia sabini.

Alihamia kwetu Kashai, hapa Bukoba mjini, miaka sita iliyopita, na cherehani moja, godoro moja na viatu vitatu. Sijakosea hesabu, vilikuwa vitatu. Cha nne alikisahau kwa mama yake Kanazi, na kila alipokwenda kukichukua alirudi na mkungu wa ndizi. Kibaraza chetu kikageuka karakana. Ukikaa, umekalia mkasi. Ukinywa chai, unakunywa na uzi. Mimi nilifanya kazi masijala miaka thelathini na moja, mahali ambapo kila faili lina kabati lake na kila kabati lina ufunguo wake, kwa hiyo mnaweza kupata picha ya mateso yangu. Mke wangu alimpenda tangu siku ya kwanza. Mimi ilinichukua kama mwaka, na hata hapo sikumwambia.

Kushona alijua, na wala sisemi hivyo kwa sababu amekufa. Gauni lake lilimkaa mtu mpaka akatembea tofauti. Tatizo lilikuwa siku ya kulichukua. Kuna kwaya moja hapa mjini ilimpa sare za Pasaka, zikavaliwa Pentekoste, na mwenyekiti wa kwaya akasimama mbele ya waumini kutangaza kwamba ndivyo ilivyopangwa. Mimi mwenyewe nilimpa suruali aipunguze urefu, kazi ya robo saa. Nilipomkumbusha baada ya mwezi alishika kichwa kwa mikono miwili, "Yamawe, Baba! Ndiyo naiwazia!" Nilipomkumbusha baada ya mwaka alinijibu kwa upole wa mtu anayemliwaza mgonjwa, "Baba, kizuri hakitaki haraka." Nikamsamehe, maana ukimkasirikia alikuwa anakuangalia kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye umechelewa kuelewa.

Sasa niwaambie habari ya mwalimu. Alikuwa kijana wa Muleba, upande wa Rubya, akifundisha hesabu katika shule moja ya msingi hapa mjini. Mpole, na mtu wa saa kama mimi, jambo lililonifanya nimwone ana akili. Alileta shati kushonewa kifungo. Kifungo kilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo alikuja kukiulizia kila jioni, na kufikia wiki ya pili sisi wote tulishajua kwamba hakuwa anaulizia kifungo. Wakapendana kwa namna ambayo hata majirani walipunguza kusengenya. Ikapangwa siku ya wazee wa mwalimu kwenda Kanazi kujitambulisha. Baba yake hakuweza kusafiri kwa sababu mama yake mwalimu alikuwa mgonjwa nyumbani na hakutaka kumwacha, kwa hiyo mwalimu akaja na wajomba na mshenga, na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, saa nne kamili.

Bibi harusi mtarajiwa hakuwepo. Alikuwa ametoka Kanazi alfajiri kuja kibarazani kwangu kumalizia gauni lake la siku hiyo hiyo. "Dakika kumi tu, Baba," akaniambia. Lesi ikapungua, akaenda sokoni. Sokoni akakutana na mteja ambaye nguo yake ilikuwa imechelewa miezi miwili, na mama yule akamshika mkono, akamrudisha kwenye cherehani, akavuta kigoda, akakaa mbele yake kama askari mpaka nguo ikaisha. Kisha akakumbuka nywele. Alipofika Kanazi na bodaboda ilikuwa saa kumi na moja jioni, gauni lina mkono mmoja, na wageni walishakula, wakanywa kidogo, wakatazamana sana, wakaondoka. Mjomba mkubwa aliacha sentensi moja ambayo Kanazi wanairudia mpaka leo: "Mwanamke ambaye hayupo siku anayoombwa, atakuwepo siku gani?"

Uchumba ukafa. Hakuna aliyeuvunja rasmi. Mwalimu aliomba uhamisho akarudi kwao, na binti akaendelea kushona nguo za harusi za wengine. Miezi mitano baadaye mama yake mwalimu akafariki. Hapa ndipo nina jambo la kukiri. Siku ya msiba ule nilimwona mpangaji wetu amevaa nguo nyeusi tangu saa kumi na mbili asubuhi, amekaa mlangoni kwake, mkoba magotini. Saa sita alikuwa palepale. Jua lilipozama akaingia ndani. Nilijua alikuwa anaogopa macho ya wale wajomba. Gari langu, ile pikapu yangu kuukuu, ilikuwa imesimama hatua kumi kutoka alipokaa, ina mafuta, na mimi nilikuwa nasoma gazeti. Nilijiambia mambo ya watu wazima hayaingiliwi. Kwetu huku mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini kutokwenda msibani ni jambo zito, hata ugomvi wa shamba husimama ili watu wakazike.

Ikapita miaka. Mwezi Novemba mmoja rafiki yake wa upande wa Rubya akampigia simu: kanisani kwao limesomwa tangazo la pili la ndoa ya mwalimu na binti mwingine. Wakatoliki hutangaza ndoa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi hutakiwa kusema. Sisi Walutheri pia tunatangaza, lakini sijawahi kuona mtu akipinga. Nikaogopa. Nilimjua huyu binti, angeweza kusimama katikati ya misa akapinga, kisha akasahau sababu. Nikamwita kibarazani. "Usiniambie utakwenda kusimama kanisani," nikamwambia. "Hapana, Baba," akanijibu, "nitakwenda kwao, nimpelekee senene, nimwombe anirudie. Akikataa nitajua." Macho yake hayakuwa na mchezo hata kidogo. Akaongeza kwamba amesikia Jumamosi nina safari ya kuchukua miche ya kahawa Kamachumu, njia ya kwenda kwao mwalimu. Nilikuwa sina safari yoyote. Mke wangu, aliyekuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa, "Unayo."

Msomaji asiye wa Kagera lazima aelezwe. Senene ni panzi wa kijani wanaotushukia kwa msimu, na Mhaya akiwaona husahau deni, usingizi na mambo mengine yote. Zamani waliowakusanya ni wanawake, alfajiri, kwenye nyasi za umande. Wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga, na waliowala ni wanaume. Mwanamke hakuruhusiwa kuonja. Lakini lilikuwapo sharti upande wa pili: mume aliyekula senene wa mkewe alimtolea nguo mpya. Binti yetu alikwenda Kanazi, akaamka kabla ya jogoo kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakusanya, akanyonyoa mmoja mmoja, akakaanga kwa chumvi tu, wakakauka vizuri. Akawajaza kwenye hotipoti. Kwa mtu wa aina yake, ile hotipoti ilikuwa kiapo.

Tulikubaliana kuondoka saa moja. Saa tatu alitoka chumbani kichwa kimoja, nywele za watu wawili: upande wa kushoto umesukwa, wa kulia umesimama. Msusi alikuwa ameitwa nyumbani kwa dharura. Nikafungua mdomo, mke wangu akanitazama, nikaufunga. Tukaenda mpaka Kemondo kabla hajapiga kelele iliyonifanya nikanyage breki mpaka redio ikazimika. "Yamawe! Hotipoti!" Tukarudi Kashai. Mke wangu alikuwa amesimama barabarani ameishika mkononi. Alisema alijua tungerudi, ila alidhani tungewahi zaidi. Tulifika kwao mwalimu saa tisa alasiri. Njia nzima binti alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba, na nilikuwa nimeshaijua kwa kichwa: ana makosa matatu, anaomba jambo moja.

Mwalimu hakuwepo. Alikuwa na mchumba wake parokiani kwenye mafundisho ya ndoa. Tulimkuta baba yake peke yake sebuleni, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, anasikiliza matangazo ya vifo redioni kwa makini ya mtu anayesubiri kutajwa. Hakuwahi kumwona binti huyu kwa macho. Binti akapiga magoti, akamsalimu kwa Kihaya salamu ndefu kamili, akamkabidhi hotipoti kwa mikono miwili. Mimi nikapewa punje za kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyopewa. "Wewe ni nani, omwisiki?" mzee akauliza, ndiyo kusema binti. Binti angeweza kujibu kwa neno moja. Akaanza na kifungo.

Alisimulia kifungo, wiki tatu, lesi, mteja mwenye kigoda, gauni la mkono mmoja. Mzee alifungua hotipoti mapajani, nadhani kwa nia njema ya kunusa tu. Binti alipofika kwenye wajomba, mzee alikuwa ameonja. Alipofika kwenye uhamisho wa mwalimu, mkono wa mzee ulikuwa unakwenda na kurudi bila yeye kuuangalia, na macho yake yakiwa kwa binti, yamejaa huruma ya kweli. Mimi nilikuwa naona. Ningeweza kukohoa. Lakini binti alikuwa amefika mahali ambapo hakuwahi kunisimulia, pale alipokaa mlangoni na mkoba magotini, na nilikuwa naangalia sakafu. Aliponyamaza, mzee alipitisha kidole ndani ya hotipoti kuzunguka chini, akakilamba, akafunika.

"Nimekusikia vizuri," akasema. "Na chumvi imekaa."

Binti akaitazama hotipoti. "Yamawe! Tata, baba yangu! Walikuwa wa mwalimu!"

"Mwalimu hali senene. Wanamwasha koo tangu utoto. Hukujua?"

"Nilijua, waitu," binti akasema polepole, kwa neno letu la heshima. "Nilisahau."

Hapo nilicheka. Nisameheni, nilicheka mpaka punje ya kahawa ikaingia njia isiyo yake, na mzee akaja kunipiga mgongoni, naye akaanza kucheka, na binti akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, nusu ya nywele ikaonekana, tukazidi. Tulipotulia mzee hakuwa anacheka tena. Alisema kwamba marehemu mke wake alimkaangia senene kila msimu wa ndoa yao, hakuonja hata mmoja, na kila msimu yeye alimtolea kitenge. Msimu wa mwisho alikinunua, lakini mgonjwa hakufikia kukivaa. "Sasa nimekula senene wa mwanamke mwingine chini ya paa lake," akasema. "Siwezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Atanisuta." Akaingia chumbani, tukasikia sanduku likiburutwa, akatoka na kitenge cha kijani chenye maua ya njano, mikunjo ya dukani bado imo. "Jifunge nione."

Ndivyo mwalimu alivyotukuta. Aliingia ameshika kofia ya pikipiki, akaona mwanamke amesimama katikati ya sebule, amempa mgongo, amejifunga kitenge cha mama yake. Binti akageuka. Sijui nani kati yao alishtuka zaidi.

"Hicho ni cha mama," mwalimu akasema.

"Ni cha aliyeniletea senene," baba yake akajibu.

Binti alianza ile hotuba. Makosa matatu, jambo moja. Mwalimu akamkatiza, na sauti yake haikuwa kali. "Siku ya wazee nilikusamehe hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi. Wajomba walikuwa wanakusema ndani ya gari, mimi nacheka moyoni, nawaza huyu atakuwa anatafuta kiatu. Nilijua ningerudi nikuombe upya. Lakini mama alipokufa, siku tatu, kila gari lililosimama pale nje nilitoka kuangalia. Kila gari. Hukuja."

"Nilijua nimeshachelewa," binti akasema.

"Kwani lini hukuchelewa?" mwalimu akasema. "Ungekuja hata baada ya wiki. Ungekuja hata mwezi baadaye na nywele kama hizo. Ningekupokea."

Hapo nikaona hotuba nzima ikimtoka kichwani. Hakuomba arudiwe. Alisema, "Basi nimekuja sasa, nimekuja msibani," akakaa chini sakafuni, pale pale, akamlilia mama wa watu kwa sauti, kama ambavyo angemlilia siku yenyewe. Mzee akazima redio. Baadaye binti akaomba aonyeshwe kaburi. Lilikuwa ndani ya kibanja, kati ya migomba, nyasi zimeanza kulifunika, na yeye akavua viatu, akainama akaanza kung'oa. Mwalimu alisimama muda mrefu na kofia yake ya pikipiki. Kisha akaiweka chini akainama upande wa pili. Wakang'oa wote wawili. Mzee akaninong'oneza, "Huyu mchumba wa sasa ni binti mwema. Ila anawahi mno. Akija kututembelea anafika hatujanawa uso."

Tulirudi mpaka Muhutwe. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amewahi, siku moja nzima kabla ya tangazo la tatu, na haikumsaidia. "Sasa?" nikamuuliza. "Anaoa Jumamosi ijayo, Baba," akasema. "Nimewaambia naweza kuwashonea chochote. Wamekataa wote kwa pamoja, hata mzee." Akacheka, kisha akalia kuanzia hapo mpaka Kashai, na mimi nikaendesha polepole ili apate muda wa kutosha. Kwenye harusi alikwenda, kitenge cha kijani mwilini bila kukishona. Alifika keki inakatwa.

Mimi nilidhani habari imeishia hapo. Kumbe kila msimu uliofuata alikwenda Rubya na hotipoti. Mzee alikula, akatoa kitenge. Majirani wakaanza kusema mzee anachumbia, na mjomba mkubwa akafunga safari kwenda kumwonya, akakuta senene mezani, akakaribishwa, akala, na inasemekana aliondoka bila kulitaja lililomleta. Mke wa mwalimu alizoea kumpigia simu binti kumwambia njoo saa mbili, akijua atafika saa sita, na chakula kinakuwa ndiyo kinaiva. Siku moja mke wangu alimuuliza kama bado moyo unamuuma. Alijibu, huku anatafuta sindano aliyokuwa ameishika mdomoni, "Unauma, Mama. Sikumpata. Lakini nimepata pa kwenda."

Nimeliwaza jibu hilo wiki hii nzima. Siku hizi senene wanauzwa sokoni kwa vikombe na mifuko, wamekwisha kaangwa, hujui nani kainama alfajiri. Wanawake wanakula hadharani, na hilo nalifurahia kabisa. Mwiko ule ulikuwa uonevu, na walioutunga ni walafi kama mimi. Lakini tazameni tulivyofanya. Tulipofuta mwiko tulifuta na kitenge. Tumebakiza kula. Na misiba nayo tumeihamishia kwenye simu: mtu anatuma picha ya mshumaa na mikono miwili iliyokunjwa, dakika ileile, wa kwanza kwenye kundi, halafu anarudi kwenye mpira. Mimi ni mmoja wao. Sijawahi kuchelewa kutuma mshumaa. Katika miaka yangu yote ya kujivunia saa ya mkononi, nimegundua kwamba mahali pengi sikuchelewa kwa sababu sikwenda.

Tulimzika Kanazi Alhamisi. Mwalimu alikuwapo tangu Jumanne jioni, na kazi aliyoichukua bila kupewa ilikuwa kupasua kuni. Baba yake, ambaye sasa hatembei bila fimbo na bila mtu wa kumshika, alishushwa kwenye gari asubuhi ya maziko, kofia yake ya sufi kichwani, furushi kwapani. Akapelekwa kwa mama wa marehemu. Alisema kwa Kihaya, na nawatafsirieni: "Aliniletea senene wiki tatu zilizopita. Kitenge kilikuwa hakijafika dukani nilipozoea. Leo nimekuja nacho." Kilikuwa cha buluu. Mama akakikunjua, akakitandika juu ya jeneza kwa mikono yake, akalainisha mikunjo kama vile binti anatoka kwenda harusini. Mjomba mkubwa, yule mwenye sentensi, alikuwa amesimama karibu nami. Alivua kofia. Hakuwa na sentensi.

Ijumaa mimi na mke wangu tulisaidia ndugu kukusanya vitu chumbani kwake. Vitenge vya mzee vilikuwa sandukuni, vyote, vimekunjwa vizuri, kitu pekee kilichokunjwa katika chumba kile. Viatu vilikuwa vitano, na hakuna aliyeweza kueleza. Na chini ya cherehani, kwenye mfuko wenye karatasi iliyoandikwa "BABA, HARAKA!", ilikuwamo suruali yangu. Mguu mmoja umepunguzwa, umepigwa pasi, kazi safi ajabu. Wa pili bado. Nimekataa isimaliziwe na fundi mwingine. Ipo kabatini, na mke wangu amesema nikithubutu kuivaa nje ya ua atahamia kwa dada yake.

Jumamosi nilikwenda mjini peke yangu. Mke wangu amenikaangia senene misimu thelathini na minne, na mimi nimemtolea maoni. Nilisimama dukani muda mrefu, sijui rangi, sijui yadi, muuzaji akinihurumia. Nikarudi, nikaweka kitenge mezani mbele yake. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Umefanya kosa gani?"

"Sijafanya."

"Daktari kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Ni cha senene."

"Senene wa lini?"

Nikamwambia wa miaka yote. Akakivuta taratibu, akakikunjua, akakipima kwa mkono wake kutoka kidoleni mpaka begani, mara moja, mara mbili. "Umechelewa sana wewe," akasema, lakini alikuwa anatabasamu, na alikuwa amekiegemeza kifuani kama msichana mbele ya kioo. Halafu tabasamu likasimama. Akageuka kuangalia kibarazani, pale kilipobaki kigoda na vipande vya uzi sakafuni.

"Sasa nani atanishonea?"

Nikainama kuokota vipande vya uzi. Ninalo hili tu la kukupa wewe unayenisoma: kama kuna mlango unauogopa kwa sababu siku yake ilishapita, na umekaa na mkoba magotini tangu asubuhi, inuka uende. Wakikusema, watakusema ukiwa ndani. Nenda hata kama umesuka upande mmoja. Ila hotipoti usiisahau.